Barua ya wazi kwa wanaodhibiti chakula na dawa: kopo la kolajeni liseme kweli

Kwa wakuu wa mamlaka zinazodhibiti chakula, dawa na vipodozi, na kwa mawaziri wa afya mnaozisimamia mamlaka hizo.

YAH: MADAI YANAYOANDIKWA KWENYE VIRUTUBISHO VYA KOLAJENI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni magoti, nyonga na mabega ya watu wa makamo na wazee, na ni nadra wiki ipite bila mtu kuniwekea mezani kopo la unga wa kolajeni, protini inayojenga ngozi na viungo, au chupa ya vidonge vyake na kuniuliza: hii itanisaidia? Wapo wanaouliza kwa ajili ya goti, wapo wanaouliza kwa ajili ya ngozi ya uso, na wengi huuliza kwa ajili ya vyote viwili kwa sababu kopo limewaahidi vyote viwili. Nimezisoma lebo hizo kwa makini. Mtu anayetaka kujua kama bidhaa ile inafanya kazi, kwa nani na kwa kiasi gani, jibu halipati pale. Anachokuta ni sentensi zilizotungwa kwa ustadi ili zisivunje sheria zenu.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Mtengenezaji kazi yake ni kuuza, na atauza kwa maneno yoyote mtakayomruhusu. Siombi kolajeni ipigwe marufuku. Kwa mtu mzima mwenye afya, unga huu kwa vipimo vya kawaida huvumilika vizuri, na baadhi ya maswali yaliyoibuliwa na utafiti wake yanastahili kufuatiliwa. Naomba anayeununua aambiwe ukweli kabla hajatoa fedha yake.

Nianze na mwanya uliomo ndani ya kanuni zenyewe. Mwaka 2011, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilipima dai kwamba kolajeni iliyomeng'enywa, yaani iliyokatwakatwa kuwa vipande vidogo, hutunza viungo, ikahitimisha kwamba uhusiano wa sababu na matokeo haukuwa umethibitishwa. Mwaka 2013 ikapima dai jingine, la peptidi fulani (vipande vifupi) za kolajeni na mnyumbuko wa ngozi, yaani uwezo wake wa kuvutika na kurudi, ikafikia hitimisho lile lile. Kwa hiyo katika Umoja wa Ulaya muuzaji hana ruhusa ya kuandika kwamba kolajeni yake inainyoosha ngozi au inalinda gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo. Lakini katikati ya maamuzi hayo mawili, mwaka 2012, Tume ya Ulaya ilitoa orodha ya madai yaliyokubaliwa, Kanuni namba 432/2012, na humo limo dai kwamba vitamini C huchangia utengenezaji wa kawaida wa kolajeni kwa ajili ya kazi ya kawaida ya ngozi, ya gegedu na ya mifupa.

Tazameni kilichofuata. Mtengenezaji anatia vitamini C kidogo ndani ya unga wake. Mbele ya kopo anaandika KOLAJENI kwa herufi kubwa, pembeni anaweka picha ya shavu laini au ya mama anayepanda ngazi bila kushika goti, na chini anaandika ile sentensi iliyoruhusiwa kuhusu vitamini C. Kila neno ni halali. Msomaji anaunganisha mwenyewe: ngozi, gegedu, kolajeni, basi kolajeni ninayoinywa ndiyo inayojenga ngozi yangu na gegedu yangu. Madai mawili yaliyokataliwa yamefika kwa mnunuzi yakiwa yamebebwa na dai lililokubaliwa.

Na dai la vitamini C ni la kweli kabisa, jambo linalofanya hila hii iniumize zaidi. Bila vitamini hiyo, vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kikemia za mwili) vinavyokomaza kolajeni mwilini havifanyi kazi, nyuzi zinatoka dhaifu, na mtu anapata kiseyeye: fizi zinavuja damu, hata makovu ya zamani yanaweza kufunguka, kwa sababu kolajeni ya kovu nayo huhitaji kufanywa upya. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, aliwapa mabaharia wawili wenye kiseyeye machungwa na malimau wakiwa melini Salisbury, na wakapona haraka kuliko wenzao waliopewa dawa nyingine. Ni kisa kikubwa katika historia ya tiba. Ila kinamhusu mtu aliyepungukiwa vitamini C. Aliye na ya kutosha, ukimwongezea kijiko kingine, mwili wake hautengenezi kolajeni zaidi kwa sababu hiyo. Lebo haisemi hivyo.

Ombi langu la kwanza linatokana na hapo: dai linaloruhusiwa kwa kiambato kimoja lisiandikwe kwa namna inayolihamishia kwenye kiambato kingine kilichokataliwa. Kama sentensi ni ya vitamini C, basi ikae palipo na vitamini C katika orodha ya viambato, kwa ukubwa ule ule wa herufi, na kando yake yawepo maneno haya au yanayofanana nayo: faida hii hupatikana pia kwa vitamini C ya chakula cha kawaida.

Wenzenu wa Marekani wana mwanya wa aina nyingine. Chini ya sheria ya virutubisho ya 1994, mtengenezaji hatakiwi kuithibitishia mamlaka ya chakula na dawa, FDA, kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza. Anaruhusiwa kusema kwamba inasaidia muundo au kazi ya kiungo cha mwili, mradi asitaje ugonjwa, na mradi aweke tangazo kwamba maneno yake hayajapimwa na FDA. Kwa hiyo “husaidia viungo vyenye afya” inapita, lakini “hutibu kusagika kwa goti” haipiti. Mwanasheria anaona tofauti hapo. Mtu ambaye goti linamuuma usiku haoni tofauti yoyote, na tangazo lenyewe limeandikwa kwa herufi ambazo wagonjwa wangu wa miaka 70 hawawezi kuzisoma bila miwani.

Sasa nieleze kidogo yanayotokea mwilini, kwa kuwa pande zote mbili za mabishano haya hupenda kuyarahisisha.

Kolajeni ni karibu theluthi moja ya protini yote ya mwili wa binadamu. Zinajulikana aina 28. Ya kwanza na ya tatu ndizo zilizotawala ngozini, ya pili ndiyo ya gegedu. Kila molekuli ni nyuzi tatu zilizosokotana kama kamba, na katika kila uzi glisini, mojawapo ya asidi amino ambazo ndizo matofali ya protini, hurudi kila nafasi ya tatu. Ni molekuli kubwa, ya daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) kama 300,000. Ukiichemsha, msokoto unafumuka, unapata jelatini. Ukiikatakata zaidi kwa vimeng'enya, unapata peptidi za daltoni elfu chache tu, ambazo huyeyuka kwenye maji na ndizo zinazojaza makopo mengi.

Ukiimeza, tumbo na utumbo huivunja tena. Tumbo halina habari kwamba protini hii ilitoka kwenye ngozi na kwamba mnunuzi anataka iende kwenye ngozi. Sehemu kubwa inaishia kuwa asidi amino, ambazo mwili huzitumia popote zinapohitajika. Hapo ndipo wakosoaji wengi husimama na kusema mjadala umekwisha. Haujaisha. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba baada ya mtu kunywa jelatini iliyomeng'enywa, vipande vidogo vya kolajeni, hasa kile cha prolini na haidroksiprolini, asidi amino mbili zilizoshikana, huonekana katika damu yake vikiwa bado havijavunjika. Na maabarani vipande hivyo vimeonekana kuziamsha seli za ngozi. Kwa hiyo njia ya kueleza jinsi kolajeni inavyoweza kufanya kazi ipo, na anayeicheka moja kwa moja hajasoma vya kutosha. Lakini kuingia kwenye damu ni jambo moja, na kubadilisha goti la mtu ni jambo jingine, na la pili hujulikana kwa majaribio kwa watu tu.

Kwenye majaribio hayo ndiko penye uzito wa barua hii.

Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha majaribio 19 yenye washiriki 1,125, karibu wote wanawake. Ulionyesha kwamba kolajeni iliyomeng'enywa, ikitumiwa kwa takriban siku 90, iliboresha unyevu na mnyumbuko wa ngozi na kupunguza makunyanzi. Mwaka 2023 ukaja mwingine wa majaribio 26 na watu 1,721, nao ukaona nafuu katika unyevu na mnyumbuko. Matangazo huishia hapo, na ningekuwa muuzaji nami ningeishia hapo. Kisha mwaka 2025, katika jarida la American Journal of Medicine, watafiti wa Korea Kusini walikusanya majaribio 23 yenye washiriki 1,474. Yote yakichanganywa, kolajeni ilionekana kusaidia unyevu, mnyumbuko na makunyanzi. Ndipo wakayatenganisha kwa swali moja: nani alilipia? Majaribio ambayo hayakupata fedha za kampuni hayakuonyesha nafuu katika unyevu, wala mnyumbuko, wala makunyanzi. Yaliyopata fedha za kampuni yalionyesha nafuu kwa yote matatu. Wakayatenganisha tena kwa ubora, na yale yaliyofanywa kwa ubora wa juu hayakuonyesha nafuu yoyote ya kuaminika.

Naomba msiipite haraka aya hiyo. Faida ambayo mamilioni ya watu wanalipia inaonekana pale anayelipia utafiti ni anayeuza unga, na inatoweka pale anayelipia ni mwingine.

Simtuhumu mtu kughushi. Hakuna haja ya kughushi ili utafiti uelekee unakotaka uelekee. Unaweza kupima ngozi kwa vifaa kadhaa, katika sehemu kadhaa za uso na mkono, wiki ya nne, ya nane na ya kumi na mbili, halafu ukatangaza kwa sauti kipimo kile kilichopanda. Unaweza kujaribu unga uliochanganywa kolajeni, vitamini C, zinki na asidi ya haialuroni, kisha nafuu yote ukaihesabia kolajeni. Unaweza kuonyesha kwamba kifaa kimegundua ongezeko la mnyumbuko, bila kuuliza kama mwanamke mwenyewe, akijitazama kwenye kioo, anaona chochote. Na jaribio lililoshindwa linaweza kulala kabatini lisichapishwe kamwe. Haya yote yanafanyika ndani ya utafiti ambao kila mtu aliyeshiriki anaamini ni wa haki.

Upande wa viungo hali ni hiyo hiyo, na kwangu inauma zaidi kwa sababu hao ndio watu wangu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na ugonjwa wa kusagika kwa gegedu, na goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi. Jaribio moja linalotajwa sana lilichapishwa 2008: wanamichezo 147 wa chuo kikuu cha Marekani, gramu 10 kwa siku, wiki 24, na maumivu ya viungo yakapungua. Lilifadhiliwa na mtengenezaji wa jelatini. Lakini hata tukiliweka kando suala la fedha, washiriki wale walikuwa vijana wanaocheza michezo, na hawakuwa na ugonjwa wa viungo uliothibitishwa. Mgonjwa wangu ana miaka 68 na gegedu iliyosagika mpaka mfupa unakaribia kugusa mfupa. Kwa haki gani matokeo ya kijana wa miaka 20 yanatumika kumuuzia yeye kopo?

Waheshimiwa, jambo hili lina ufumbuzi, na limewahi kufanyika. Kwa miaka mingi glukosamini na kondroitini, virutubisho vingine vya viungo, ziliuzwa kwa ahadi zile zile tunazozisikia leo kuhusu kolajeni. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikatoa fedha za umma, likafanyika jaribio la watu 1,583 wenye maumivu ya goti, na matokeo yakachapishwa 2006 katika New England Journal of Medicine. Nafuu ilihesabiwa kuwa maumivu kupungua kwa asilimia 20 au zaidi baada ya wiki 24. Waliopewa glukosamini, walioipata nafuu hiyo ni asilimia 64.0. Waliopewa kondroitini, asilimia 65.4. Waliopewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa yoyote ndani, ni asilimia 60.1. Tofauti hizo hazikuwa na uzito wa kitakwimu, yaani zingeweza kutokea kwa bahati tu. Kundi dogo lenye maumivu makali zaidi lilionekana kufaidika na mchanganyiko wa vyote viwili, jambo lililohitaji kuthibitishwa zaidi. Jibu halikuwa la kumfurahisha kila mtu, lakini lilikuwa jibu, na halikuwa la muuzaji.

Iangalieni tena ile 60.1. Katika kila watu kumi wenye maumivu ya goti waliopewa kidonge kitupu, sita walipata nafuu ya kuhesabika. Hawakudanganya. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe; mtu hutafuta msaada siku yakiwa juu, na baada ya miezi michache huwa yameshuka; naye akipewa tumaini na uangalizi, anasikia nafuu ya kweli. Sasa chukueni ushuhuda unaojaza matangazo ya kolajeni: nilitumia miezi mitatu, leo napanda ngazi. Namwamini kabisa anayesema hivyo. Lakini ushuhuda wake hauwezi kutuambia kama ni kolajeni, kwa sababu watu sita katika kumi wangeweza kusema maneno hayo hayo baada ya kumeza unga mtupu. Ndiyo sababu ombi langu la pili ni hili: shuhuda za watumiaji, pamoja na picha za kabla na baada, zisiruhusiwe katika matangazo ya bidhaa hizi, ziwe kwenye kopo, kwenye mabango au kwa washawishi wa mitandaoni wanaolipwa.

Na la tatu, fanyeni jaribio. Muda wa wiki 12 hautoshi, na watu 50 hawatoshi. Liwe na watu wa kutosha, wenye kusagika kwa goti kulikothibitishwa, kwa mwaka mzima au zaidi, kolajeni peke yake dhidi ya plasebo, na kipimo kikuu kitangazwe hadharani kabla mtu wa kwanza hajapewa kijiko. Fedha zinaweza kutoka kwa watengenezaji wenyewe kupitia tozo ya usajili, lakini ziingie katika mfuko mnaousimamia ninyi, na watafiti wasijue ni kampuni gani imechangia kiasi gani. Kama kolajeni inafanya kazi, wauzaji watakuwa wa kwanza kufaidika, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaandikia wagonjwa wangu.

Wakati tukisubiri jibu hilo, kuna mambo ya lebo ambayo hayahitaji utafiti wowote, yanahitaji kalamu yenu tu.

Kipimo, kwa mfano. Majaribio mengi ya ngozi yalitumia gramu 2.5 hadi 10 za kolajeni iliyomeng'enywa kwa siku, na ya viungo mara nyingi gramu 10. Kapsuli ya kawaida hubeba takriban nusu gramu, pengine zaidi kidogo. Ili kufikia gramu 10 mtu angelazimika kumeza kapsuli kama 20 kila siku, huku chupa ikimwambia ameze mbili. Hapo hapo ipo kolajeni nyingine kabisa, ya aina ya pili ambayo haijameng'enywa wala haijachemshwa, inayotolewa kwenye gegedu ya kifua cha kuku, na hiyo hujaribiwa kwa miligramu 40 tu, kwa nadharia kwamba inautuliza mfumo wa kinga na wala haihesabiwi kama malighafi ya kujengea. Ni vitu viwili tofauti, vyenye vipimo vinavyopishana mara 250, na vyote vinauzwa kwa jina moja. Nimeona bidhaa zinazovichanganya bila kueleza kipi ni kiasi gani. Lebo itaje aina, itaje kama imemeng'enywa au la, na itaje gramu au miligramu kwa siku mbele ya kopo.

Halafu mnyama. Kolajeni hutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, ngozi ya nguruwe, ngozi na magamba ya samaki, au gegedu ya kuku. Kuna wanunuzi ambao dini zao zinawakataza mmoja au mwingine wa wanyama hao, na kuna wenye mzio wa samaki ambao kosa dogo linaweza kuwapeleka hospitali. Hao wote wana haki ya kusoma jina la mnyama bila kubahatisha. Kuna na makopo yanayojiita kolajeni ya mimea. Mimea haitengenezi kolajeni. Ndani ya makopo hayo huwa mna vitamini C, asidi amino na dondoo za mimea, na kuyaita kolajeni ni kumuuzia mtu kitu ambacho hakimo. Hapo sioni la kujadili.

Kuna onyo jingine ambalo karibu sijaliona kwenye kopo lolote. Kolajeni haina asidi amino ya triptofani, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza, na kwa hiyo si protini kamili hata kama gramu zake zinaonekana nyingi. Miaka ya 1970 huko Marekani, vinywaji vya kupunguza mwili vilivyotengenezwa kwa kolajeni iliyomeng'enywa viliuzwa sana, na watu wakaishi kwa kuvinywa badala ya kula. Mwaka 1977 na 1978 viliripotiwa vifo karibu 60, baadhi yake vya ghafla, kwa moyo kupoteza mapigo yake. Sitaki kumtisha mtu anayetia kijiko kimoja kwenye uji wake. Yule anakula chakula kingine, na hali yake ni tofauti kabisa. Ninachokiogopa ni mzee asiye na hamu ya kula, ambaye watoto wake wanamwekea unga huu kikombeni wakiamini wamempa protini ya siku. Wanakosea kwa nia njema, na kopo ndilo lililowakosesha. Ongezeni na wale waliowahi kupata mawe kwenye figo: haidroksiprolini iliyo tele kwenye kolajeni hugeuzwa na mwili kuwa oksaleti, na oksaleti hutoka kwenye mkojo na kuchangia aina ya mawe iliyo ya kawaida zaidi. Sentensi mbili za onyo zingetosha.

Nimalizie na lile linalonisukuma kuliko mengine yote. Fedha na matumaini ya mgonjwa vina mwisho. Anapovimaliza kwenye kopo, mara nyingi huwa ameahirisha jambo ambalo ushahidi wake hauna utata. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja hupunguza maumivu ya goti lililosagika. Hilo limejaribiwa mara nyingi, na hakuna kampuni inayouza paja. Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo moja anayoipunguza inaliondolea goti lake mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua anayotembea. Kwa upande wa ngozi, miale ya urujuanimno ya jua huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, na moshi wa sigara nao huharibu. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Walioagizwa kupaka losheni ya kukinga jua kila siku, ngozi yao ilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko ya wale walioachwa wajipakie wapendavyo. Na tretinoini, dawa ya kupaka inayotolewa kwa cheti cha daktari na isiyomfaa mjamzito, ilionyeshwa mwaka 1993 kuongeza utengenezaji wa kolajeni ya aina ya kwanza kwa asilimia 80 katika ngozi iliyoharibiwa na jua, baada ya miezi 10 hadi 12. Hiyo ndiyo kolajeni inayotengenezwa na ngozi yenyewe.

Wanawake waliofikia ukomo wa hedhi wananihuzunisha zaidi katika hili. Katika miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma, ngozi inaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya kolajeni yake, kwa sababu estrojeni, homoni ya kike, imeshuka. Ni badiliko kubwa na la kweli, wanaliona na kulihisi, na mara nyingi hakuna mtu katika huduma ya afya aliyewahi kukaa nao kuwaeleza. Muuzaji wa kolajeni amekaa nao. Anawaita kwa upole, anawaeleza homoni zao, halafu anawauzia kopo. Pengo lile tumeliacha sisi wa huduma ya afya, na ninyi mnaotupangia kazi na bajeti mna sehemu yenu ndani yake.

Kwa hiyo ombi langu la mwisho linahusu maarifa mliyonayo tayari. Maamuzi ya EFSA ya 2011 na 2013 yamo katika kumbukumbu za umma, yameandikwa kwa lugha ya wataalamu, kurasa nyingi, na sijawahi kukutana na mgonjwa aliyeyaona. Kila mamlaka ichapishe orodha fupi ya madai iliyoyapima na kuyakataa, kwa lugha anayoizungumza mnunuzi, na kila kopo la kolajeni libebe msimbo wa kuchanganua kwa simu unaomfikisha mtu moja kwa moja kwenye ukurasa huo. Duka la mtandaoni lisilouonyesha ukurasa huo karibu na kitufe cha kununua, lisiruhusiwe kuiuza bidhaa.

Nipo tayari kukaa na watumishi wenu na kuwaonyesha lebo nilizonakili, pamoja na maswali ambayo wagonjwa huniuliza kila wiki.

Wasalaam,

Mtaalamu wa fiziotherapia